Seneta Aliyesema Hana Baba

Mimi nina mdomo, sikatai. Pale Mwigobero, Musoma, sokoni kwa samaki, wananijua: ukiniuzia sato wa jana ukanidanganya kwamba katoka kisiwani Rukuba asubuhi hii, nitakusema wewe na mashemeji zako. Kwa hiyo siku Nathanieli alipokuja na simu yake nyumbani kwa mama, Butiama, akaiweka mezani na kusema, "Msikilizeni mtoto wenu," mimi nilishaanza kumjibu kabla hata video haijafunguka.

Mtoto mwenyewe ni Mseti, mdogo wangu, na ni seneta huko Kenya. Ngoja nieleze, maana wageni wengi wanapoteaga hapa.

Mama yangu anaitwa Rhobi. Alijaliwa kuzaa mara moja tu, akanizaa mimi, mtoto wa kike, kisha baba yangu Mugeta akafariki. Kwetu, nyumba isiyo na mtoto wa kiume watu wanaitazama kama duka ambalo mwenyewe kasafiri: kila anayepita anajaribu kitasa. Mila ina dawa yake. Mwanamke wa namna hiyo anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobu. Mama akamwoa Miriamu, msichana wa Kikurya wa upande wa Kenya, na Miriamu akamzaa Mseti. Nani alimtia mimba? Hilo haliulizwagi, na ukiliuliza utaonekana hukufundwa.

Nyumba nyingine watoto humwita huyo mwanamke aliyeoa bibi. Mama yangu alikataa katakata. "Mimi ndiye niliyetoa ng'ombe," alisema. "Mimi ni baba." Na Mseti tangu anajifunza kutamka alimwita hivyo, baba, mbele ya padri, mbele ya wageni, hata mnadani katikati ya watu.

Sekondari Mseti alisomea kwa wajomba zake, Kenya. Akabaki hukohuko, akapata uraia kwa upande wa mama yake, akaingia siasa. Alipochaguliwa kuwa seneta tulichinja. Tangu siku hiyo kila akisimama kuchangia hoja tunamsikiliza kwenye simu. Akiongea Kiingereza, mama anamtazama suti tu. Akiongea Kiswahili, mama anataka arudiwe na arudiwe. Amechangia habari za wizi wa ng'ombe mpakani. Amechangia ushuru wa dagaa. Siku moja akawafundisha maseneta wenzake kumtambua ng'ombe wa wizi kwa kwato, wasihangaike na alama ya sikio, kwa sababu sikio mwizi analikata upya. Mama alicheka mpaka akakohoa, maana ni yeye aliyemfundisha.

"Ila huyo wanayemwita Spika wa Muda," aliniuliza, "mbona tangu mwaka juzi bado ni wa muda? Kwani hawamwajiri?"

Basi, Nathanieli akabonyeza. Huyu ni mtoto wa mdogo wake marehemu baba yangu. Ana trekta, na shamba lake linapakana na la mama. Tukamwona Mseti kasimama na tai yake nyekundu. Walikuwa wanajadili fedha za kusomesha watoto wa maskini.

"Bwana Spika," akasema, "mimi mnayeniona hapa nimekua bila baba. Nimelelewa na mama peke yake, kwa taabu, mpaka leo nimesimama mbele yenu."

Wenzake wakampigia makofi. Nathanieli akazima simu.

"Mama mkubwa," akamwambia mama, kwa sauti ya kanisani, "sijasema mimi. Kasema mwenyewe, tena bungeni, mahali ambapo kila neno linaandikwa. Hana baba. Na kama hana baba, hii nyumba haina mtoto. Jumamosi ijayo ukoo unakaa."

Maana yake ilikuwa wazi hata kwa kuku waliokuwa mlangoni. Nyumba isiyo na mtoto, shamba na zizi vinarudi kwa ukoo, yaani kwa Nathanieli, na mama angemalizia uzee wake kwa hisani ya mtu mwenye trekta.

"Weee Nathanieli!" nikamrukia. "Ardhi yote umeimaliza, sasa umeanza kulima midomo ya watu?"

Mama alimwomba Nathanieli airudie ile video. Akasikiliza tena, uso karibu kabisa na kioo cha simu, kisha akasema, "Amekonda." Akainuka akaenda kuangalia ndama.

Hilo neno liliniuma kuliko angelia. Nilitoka nje nikampigia Mseti papo hapo, na sikumwamkia.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "maana sijui kama bado wewe ni mdogo wangu. Yule aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati ya Buhemba ukiwa na surua, yule ni nani yako? Jirani?"

"Dada Bene, ilinitoka tu. Watu wanapendaga hadithi ya mtoto yatima."

"Watu! Na sisi ni mbuzi?"

"Nisikilize basi. Wapinzani wangu kila siku wananiita Mtanzania. Nikisema baba yangu ni mwanamke, yuko Butiama, si ndio nimewapa fimbo? Lakini hata hiyo ningeivumilia. Tatizo ni mama. Amenikataza."

"Mama yupi?"

"Miriamu. Nenda Bunda ukamwulize mwenyewe."

Kesho yake nikaenda Bunda, nimevimba kama chapati. Niseme ukweli, mimi na Miriamu hatujawahi kukaa vizuri. Tumezidiana mwaka mmoja tu. Ng'ombe walionioa mimi, mahari yangu, ndio hao hao mama aliowatoa kumwoa yeye, waliingia zizini wakatoka, hata majani ya kwetu hawakuyajua ladha. Ndiyo maana mume wangu aliponivunja mkono, nikarudi Butiama nimeufunga kwa khanga, mama alinikanda, akanipa uji, halafu akanirudisha. Nikiachika ng'ombe watadaiwa, na ng'ombe walishafika kwa akina Miriamu. Nikarudi. Mume mwenyewe alishafariki, Mungu amrehemu akipenda.

Miriamu anaishi Kabasa, hapo hapo Bunda, ana cherehani barazani, anashona sare za shule. Aliondoka Butiama Mseti alipokwenda sekondari, bila ugomvi na bila kuaga vizuri. Nilimkuta na shati la bluu mapajani. Akanikaribisha, akanipa kiti, nami nikamwaga yote niliyokuja nayo. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza, wifi?"

"Nimepumzika tu."

"Ni kweli nilimkataza," akasema. "Kila akinipigia ananiambia anataka kusimama mle ndani amsifu baba yake Rhobi, alivyokuwa shujaa, alivyoshika nyumba peke yake. Nikamwambia, msifu, lakini usimulie na mimi nilivyofika pale. Kama huwezi kusimulia vyote viwili, nyamaza. Sasa kwa kuwa ni mwanasiasa hakuweza kunyamaza, akasema hana baba. Huo uongo ni wake. Sikumtuma."

"Wewe ulifikaje? Si uliolewa kwa ng'ombe kama wote?"

"Nilikuwa nachota maji," akasema. "Nikarudi na ndoo kichwani nikakuta ng'ombe kwetu. Nikafurahi, Bene! Nikajua kaka yangu anaoa. Nikawauliza, bibi harusi ni nani? Wakacheka wote." Akakata uzi kwa meno. "Hakuna aliyeniambia ninaolewa na mwanamke. Niliambiwa njiani. Na Mseti akisimama mbele ya nchi nzima akasema ile ni mila nzuri, kesho kuna msichana mwingine anachota maji."

Mimi nina jibu la kila kitu, lakini siku ile nilikunywa chai. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimemdhania yeye ndiye aliyelala kwenye godoro.

Nilirudi Butiama nikamweleza mama vilevile nilivyoambiwa, na ile ndoo na kile kicheko. Nilitegemea akasirike, nimsaidie kukasirika. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, akaurudia upya kana kwamba hajauchambua.

"Kaka yake nilimwuliza," akasema mwishowe. "Baba yake nilimwuliza. Hata ng'ombe niliwakagua mmoja mmoja, nisije nikatoa mgonjwa nikaaibika." Akaweka ungo chini. "Nitafutie gari. Nataka kwenda Bunda."

"Mama, magoti yako."

"Magoti yatakuja na mimi."

Tukakodi gari ya jirani. Mama alivaa kitenge chake cha misa na akabeba kibuyu cha maziwa ya mgando, kama mtu anayekwenda ukweni. Miriamu alipomwona anashuka aliacha cherehani, akapiga goti kumwamkia. Ni mazoea, mwili unakumbuka wenyewe. Mama akamshika mkono akamwinua.

"Leo usinipigie goti," akasema. "Nimekuja na swali. Mimi nilikuleta kwangu sikukuuliza. Leo nakuuliza. Unakubali kuwa wa nyumba yangu, au hukubali?"

Miriamu akamtazama, akanitazama mimi, akadhani labda nimemfundisha mama maneno. Nikatikisa kichwa.

"Na nikikataa?"

"Nitasema mbele ya ukoo kwamba umekataa."

"Si watakunyang'anya shamba?"

"Watanyang'anya."

"Rhobi, wewe ni mzee. Utakwenda wapi?"

"Hilo si lako," akasema mama. "Wewe jibu lako tu. Na si lazima leo. Mimi nimechelewa miaka yote hii, sina haki ya kukuharakisha."

Tukanywa chai. Hawakuongea tena habari hiyo, waliongea habari za mvua na bei ya vitambaa. Wakati wa kuondoka Miriamu akamsindikiza mama mpaka garini, akamfungia mlango, akabaki amesimama barabarani. Njia nzima nilimgombeza mama. Nilimwambia ameuza nyumba yake kwa swali. Yeye alikuwa anatazama nje.

Jumamosi ikafika na mvua yake. Wanaukoo wakajazana sebuleni kwa mama kwenye viti vya plastiki, viatu vya tope vimepangwa mlangoni. Mwenyekiti alikuwa mzee Alfonsi, katekista mstaafu, mtu asiyependa kelele. Nathanieli akacheza video yake. "Nimekua bila baba." Watu wakaguna. Nikasema, "Sasa na mimi nina yangu," nikatoa simu. Mseti alikuwa amenitumia usiku wa kuamkia Ijumaa, bila neno lolote juu yake. Siku hiyo Seneti ilikuwa inajadili Mswada wa urithi.

"Bwana Spika wa Muda," Mseti akasema, na mama akasogeza kiti chake. "Kabla sijachangia, kuna jambo nililisema katika Bunge hili, kwamba nimekua bila baba. Si kweli. Ninaondoa matamshi hayo na kuomba msamaha. Baba yangu yupo. Ni mwanamke. Anaitwa Rhobi, anaishi Butiama, Tanzania."

Mle bungeni pakachafuka. Mmoja akapaza sauti, "Hoja ya nidhamu!" Mwingine akacheka akisema basi arudi kwao Tanzania. Spika akawanyamazisha.

"Mwenzangu anacheka," Mseti akaendelea. "Baba yangu alinibeba mgongoni nikiwa na surua, kutwa nzima, jua linawaka. Sijui wa kwake alimbeba vipi. Na mama yangu anaitwa Miriamu. Aliletwa kwa ng'ombe akiwa msichana, na hakuna aliyemwuliza. Ameniruhusu juzi kuyasema haya, kwa sharti niyaseme yote mawili. Watoto wa nyumba hizi warithi kama watoto wengine, hilo naliunga mkono. Na msichana yeyote asipelekwe kwenye nyumba yoyote kabla hajaulizwa yeye mwenyewe, hilo naomba liongezwe. Kama kwa maneno haya sitarudi tena humu, si neno. Baba yangu ana ng'ombe, nitakwenda kuchunga."

Sebuleni ikasikika mvua tu kwenye bati.

"Kumbe huko wana namna ya kurudisha neno," mama akasema taratibu.

Nathanieli akasimama. "Leo anasema hivi, kesho anasema vile, hiyo ndiyo kazi anayolipwa. Sisi hatuhukumu kwa simu! Mke yuko wapi? Tangu lini mume anakaa Butiama na mke Bunda?"

"Mke unayemtafuta ni mimi?"

Alikuwa Miriamu. Amesimama mlangoni, mwavuli unachuruzika, hata viatu hajavua. Alfonsi akamwambia apite aketi. Akasema atasimama.

"Wiki hii nimeulizwa," akasema, "kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Rhobi alikuja kwangu akaniuliza kama nakubali kuwa wa nyumba hii. Nimefikiri sana. Nimekataa."

Nathanieli akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Mama akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikia bei aliyoitegemea.

"Sijamaliza," Miriamu akasema. "Nimekataa kuwa mke. Mtoto ni jambo lingine. Mseti nilimzalia chumba kile pale. Alipougua mimi nilikuwa mtoto, nilijua kulia tu. Huyu ndiye aliyembeba. Huyu ndiye aliyemfundisha ng'ombe na adabu. Mseti ana baba, na baba yake ni Rhobi. Anayebisha anitafutie mwingine."

"Aka!" Nathanieli akaruka. "Mke akikataa, ng'ombe wanarudi. Ndiyo mila. Na ng'ombe wakirudi, mtoto anakwenda na mama yake. Haiwezekani mtu akatae mchuzi ale nyama!"

Na hapo, nakiri, alisema kweli. Hiyo ndiyo mila. Watu wakaanza kunong'ona. Alfonsi akainua mkono.

"Ng'ombe wanarudi wakidaiwa," akasema. "Hudaiwa na mwenyewe. Hao ng'ombe walikuwa wa nani?"

"Wa nyumba hii," akasema Nathanieli.

"Waliingia nyumba hii kwa mlango gani?"

Wote wakageuka kunitazama mimi, maana kila aliyekuwa mle ndani alijua ni mahari ya nani. Miriamu naye akanitazama. Nilihisi pale mkono ulipovunjika, panauma mpaka leo siku za mvua.

Nikainuka. Nilikuwa na hotuba nzima, nilishaipanga tangu Musoma, na Nathanieli alikuwa na sehemu yake kubwa humo. Yote ikapotea.

"Wale ng'ombe walitolewa kwa ajili yangu mimi," nikasema. "Ni mimi niliyewalipia, kila siku niliyokaa kule. Sidai. Na asidai mtu mwingine nikiwa hai."

Alfonsi akawatazama wazee wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua kichwa kupinga. "Basi hawadaiwi," akasema. "Nyumba ina mtoto. Shamba halina mjadala. Tusali, mvua isitukamate njiani."

Walipoondoka, Nathanieli wa kwanza, tukabaki wanawake watatu. Miriamu akavua viatu sasa, akaingia jikoni kuinjika maji, hakuambiwa na mtu. Mimi nikaanza kukusanya vikombe huku nikimsimulia mama sura ya Nathanieli ilivyokuwa, nikiiga mpaka anavyovuta suruali. Mama hakucheka.

"Bene," akaniita.

"Abee, mama."

"Siku ile ulipokuja na mkono umefungwa khanga. Nilikupa uji, nikakurudisha." Akawa anautafuta mkono wangu kwa macho. "Na wewe sikukuuliza."

Mimi Benedikta, ambaye Mwigobero nzima inaomba ninyamaze, nilisimama na vikombe mikononi nikitafuta neno, hata moja tu, sikulipata. Mama akasogea kwenye benchi, akanipisha nafasi. Nikaketi.